Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba aliyeimba hadi Bombay

SAUTI iliyomfikisha Siti binti Saad katika studio za Bombay, India, mwaka wa 1928 ilianza kunolewa njiani, alipokuwa akitembeza vyungu vya kuuza.

Alizaliwa mnamo 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Babake alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua, wote wa ukoo wa watumwa, na mtoto wao wakamwita Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Mamake alifinyanga vyungu na binti akavinadi mitaani. Waimbaji wa opera barani Ulaya hukaa miaka mingi mbele ya walimu wakijifunza kuipaza sauti ijaze ukumbi bila kipaza sauti. Yeye somo hilo alifunzwa na shida.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko alifunzwa muziki na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Taarab wakati huo ilikuwa burudani ya waungwana. Ilikuwa imeingia katika kasri enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu na wanaume.

Siti alikijua Kiarabu cha nyimbo hizo, lakini umaarufu wake ulitokana na Kiswahili. Akiwa na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, aliimba mapenzi na pia mambo ya mahakamani. Wimbo wa Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Kuimba habari hiyo chini ya utawala wa Waingereza hakukuwa jambo dogo.

Wapinzani hawakumwacha. Walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa sura yake na uzawa wake wa kimaskini. Naye alijibu kwa wimbo, akieleza kuwa uzuri wa sura si kitu pasipo akili na tabia njema. Jibu hilo lingali linakumbukwa kuliko kejeli yenyewe.

Huko Bombay alirekodiwa na kampuni ya Gramophone. Kufikia 1931, sahani zaidi ya 72,000 za kampuni hiyo zilikuwa zimeuzwa Afrika Mashariki. Kwa mwanamke ambaye hakusoma shule, na katika miaka ambayo santuri ilikuwa mali ya wachache, hiyo ni idadi ya kushangaza.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Mwandishi Shaaban Robert, aliyezungumza naye kabla ya kifo chake, ndiye aliyeandika wasifu wake. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013.