Maisha ya C.T. Studd: kutoka kriketi mupaka Ibambi



Hapa Goma tukisema muchezo, kila mutu anafikiri mupira wa miguu. Kriketi hatuijui. Lakini mutu mumoja aliyecheza mechi yenye kujulikana sana ya kriketi ya zamani, kaburi lake liko katika inchi yetu, kule Ibambi, upande wa Isiro. Ni Charles Thomas Studd.

Alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake alikuwa tajiri. Mali yake aliipata India. Baba huyu aliamini kwa mahubiri ya Moody wa Marekani, na watoto wake wakamufuata. Studd alisoma Eton, kiisha Cambridge.

Kriketi ni hivi: mutu anatupa mupira mudogo mugumu kusudi aangushe vijiti vitatu. Mwingine anavikinga kwa ubao. Akiupiga mupira mbali, anakimbia na kupata pointi. Wapigaji wawili wanasimama, kila mumoja upande wake. Mwaka 1882 Studd alipita pointi 100 mara mbili mbele ya Waaustralia.

Tarehe 29 Agosti 1882, kwenye uwanja wa Oval, London, Uingereza ilihitaji pointi 85 tu kushinda Australia. Spofforth akaanza kuwaangusha mumoja mumoja. Kapiteni alikuwa amemuweka Studd nyuma kabisa, mupigaji wa 10. Alipoingia zilibaki pointi 10. Akasimama upande wake, akangoja. Mwenzake wa mwisho akakosa mupira, na mechi ikaisha. Uingereza ilishindwa kwa pointi 7, na Studd hakupewa mupira hata mumoja wa kupiga!

Gazeti moja likaandika kwa mzaha kwamba kriketi ya Uingereza imekufa, na majivu yake yatapelekwa Australia. Miezi ile ile Studd akasafiri na timu kufuata hayo majivu, na wakashinda mechi mbili kwa tatu. Mupaka leo inchi hizo mbili zinashindania Majivu.

Kiisha ndugu yake George akagonjwa sana. Karibu na kitanda chake Studd alijiuliza: sifa hizi zinamusaidia nini mutu anayekufa? Mwaka 1885 akaenda China na wenzake sita. Urithi wa baba yake, maelfu ya pauni, akaugawa. Mwaka 1888 akaoa Priscilla Stewart, wakazaa mabinti wane. Baadaye walifanya kazi India.

Mwaka 1913, akiwa na miaka 52 na mwili wa ugonjwa, akaingia Congo pamoja na kijana Alfred Buxton. Walianzia Niangara, wakafika Nala, kisha Ibambi. Watu walimwita Bwana. Agano Jipya alilitafsiri katika Kingwana, yaani Kiswahili cha watu wa huku.

Lakini tusifiche mambo. Tangu 1916 hakurudi kwao tena. Priscilla alibaki Uingereza akitafuta msaada wa kazi. Alifika Congo mara moja tu, mwaka 1928, kwa majuma mawili. Mwaka uliofuata akafa, na hawakuonana tena. Tena Studd alikuwa mukali. Alidai kila mutu atoe vyote kama yeye. Wamisionari wengine wakamuacha, na komite ya Uingereza ikatengana naye. Alikufa Ibambi tarehe 16 Julai 1931. Kanisa lililotoka katika kazi yake lingali liko.

Wenzangu, wengi wetu tunataka tupewe mupira leo leo, na tukiwekwa nyuma tunakasirika. Studd aliwekwa nyuma, akasimama tayari. Hilo tujifunze kwake. Lakini tujiulize pia: mutu akitoa vyote, nani mwingine analipa naye? Jibu la Studd tunalijua kidogo. La Priscilla, tulifikiri vizuri.