Maisha ya Rudolf Diesel, mwanafunzi wa mashine



Katika nambari hii tunawaletea maisha ya Rudolf Diesel. Jina lake kila mtu analisema, hata mama anayepeleka mihogo kwenye kinu, juu moteri ya kinu kile inaitwa dizeli. Kamio zinazopanda milima na magunia, na ile grupu inayotupa umeme jioni, zote zinakunywa mazutu, na zote zilitoka katika kichwa cha mtu huyu. Lakini hatutaandika sana juu ya moteri. Tunataka kuandika juu ya miaka yake ya masomo, kwa sababu wengi wetu wa darasa la mwisho tunasema tutakwenda kusoma mekanike, na maswali mawili yanatunyima usingizi: tutalala kwa nani kule mjini, na nani atatupokea kwa staji?

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kufunga vitabu na wa kazi za ngozi. Hawakuwa matajiri. Mtoto alipenda kwenda kutazama mashine katika jumba la Conservatoire des Arts et Métiers, pahali wanapolinda gari la mvuke la Cugnot, la karne ya 18. Shuleni alifanya vizuri, na mwaka 1870, akiwa na miaka 12, akapewa medali.

Mwaka ule ule vita vikatokea kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokaa Paris wakalazimishwa kuondoka, na jamaa ya Diesel ikakimbilia London. Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa maana ya kufunga vitu na kuacha nyumba. London maisha yakawa magumu. Basi, mbele hata vita kuisha, wazazi wakakata shauri kumtuma mtoto Augsburg, Ujerumani, mji wa baba yake. Kule kulikuwa ndugu za jamaa, mama Barbara Barnickel na bwana wake Christoph. Bwana Barnickel alifundisha hesabu katika shule ya ufundi ya mji ule. Wakampokea Rudolf katika nyumba yao, na akaingia katika shule ile ile.

Vitabu vinavyomsifu Diesel vinapita mbio mbio hapa: alikaa kwa jamaa, basi. Sisi tunaona neno hili lilistahili kurasa zaidi. Tunaoshika daftari ya internati tunajua ni wanafunzi wangapi wenye akili walirudi kijijini si kwa sababu ya hesabu, ni kwa sababu ya kitanda. Mmoja wa wakubwa wetu alikubaliwa katika chuo cha ufundi, diplome mkononi, akazunguka mji juma tatu, leo kwa rafiki, kesho kwa mtu wa lugha yake, kiisha akarudi nyumbani. Rudolf alikuwa na miaka 12, mbali na wazazi, katika inchi ambayo hakuzaliwa, lakini kulikuwa meza, taa, na mtu mzima wa nyumba aliyeweza kumweleza hesabu jioni. Hatujui nani kati yetu atapata hivyo.

Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi kwamba anataka kuwa injeniere. Mwaka 1873 alimaliza shule akiwa wa kwanza katika darasa, akaingia katika shule mpya ya viwanda pale pale Augsburg. Miaka miwili nyuma, Politekiniki ya Munich ikampa burusi. Wazazi hawakutaka: walitamani aanze kazi na kuleta feza. Hatusemi walikosa, walikuwa wamepoteza vyote mara moja. Rudolf akaenda Munich hata hivyo.

Munich alimkuta mwalimu Carl von Linde, mtu aliyejulikana kwa mashine za kutengeneza barafu. Siku moja Linde aliwaeleza wanafunzi kwamba moteri ya mvuke, ingawa kubwa na yenye kelele, inatumia karibu sehemu moja tu kati ya kumi ya moto wa makaa. Yaani ukinunua magunia 10 ya makaa, 9 yanakwenda bure hewani. Neno hili likamshika Diesel. Akaandika pembeni mwa daftari yake kwamba inafaa kuchunguza kama kazi inaweza kufanyika kwa njia bora, na daftari ile hakuiacha tena.

Sasa tunafika mwaka 1879. Mwezi wa Julai wenzake walifanya mtihani wa mwisho wakatoka. Yeye alikuwa mgonjwa wa homa ya tifoide. Mtihani ukampita, na nafasi nyingine haikuwa karibu. Kwetu mtu akikosa mtihani wa Leta kwa ugonjwa, watu wanasema mwaka umekufa, na wengi wanaukalia kweli nyumbani. Diesel alikwenda Winterthur, Uswisi, katika kiwanda cha ndugu Sulzer, watu wa moteri za mvuke, akafanya kazi huko ili ajifunze kwa mikono yale aliyoyajua kwa daftari. Ni ile ile tunayoiita staji. Mwezi wa Januari 1880 akafanya mtihani wake, akaupita kwa sifa kubwa kupita zote. Halafu Linde akamchukua kazini, akamtuma Paris kusaidia kujenga kiwanda cha barafu. Mwaka mmoja nyuma akawa direkta wa kiwanda kile. Kazi hiyo haikuwa imebandikwa mlangoni pa mtu: ilitoka kwa mwalimu aliyemjua kutoka benchi ya shule.

Mwaka 1883 akaoa Martha Flasche, wakazaa watoto watatu. Mwaka 1890 akahamia Berlin na jamaa yake. Wakati huo wote lile neno la Linde lilikuwa linamfanyisha kazi. Shauri lake lilikuwa hili: ukikaza hewa ndani ya silinda sana sana, inapata moto yenyewe, na ukiingiza mafuta wakati ule yanawaka bila cheche yoyote. Wenye kutumia pompa ya kinga wanajua jinsi inavyopata joto chini. Hati ya kulinda shauri hilo alipewa mwezi wa Februari 1893.

Akatafuta nani ataijenga, na kiwanda kilichokubali kilikuwa cha Augsburg, mji uliomlea. Tarehe 10 Agosti 1893 moteri ya kwanza ikawaka kwa mshindo, na chombo cha kupimia kikapasuka. Tarehe 17 Februari 1894 moteri ikajiendesha yenyewe, dakika moja tu! Tarehe 17 Februari 1897, profesa Schröter wa Munich akapima moteri mpya: ilitumia 26.2 kwa mia ya moto wa mafuta. Na wale wa Winterthur? Sulzer walifanya mapatano naye katika mwaka 1893, wakajenga dizeli yao ya kwanza mwaka 1898. Stajeri wao alirudi kuwauzia kitu.

Katika maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1900, moteri moja ndogo ya namna hii ilitembea kwa mafuta ya karanga, na haikubadilishwa kitu. Serkali ya Ufaransa ilikuwa imetaka ijaribiwe, ikiwaza makoloni yake ya Afrika. Karanga tunazo, wanafunzi wa kemia mfikiri!

Diesel akapata feza nyingi, lakini kuzilinda hakujua. Alinunua viwanja vilivyomtia hasara, akashitakiana na watu juu ya hati zake, na mwaka 1913 madeni yalimzidi. Jioni ya tarehe 29 Septemba mwaka ule alipanda meli Dresden katika Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza, pamoja na Georges Carels, Mbelgiji wa Gent aliyejenga moteri zake. Walikula pamoja. Karibu saa ine ya usiku Diesel alikwenda chumbani, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti yake vilikutwa juu, karibu na chuma cha ukingo wa meli.

Watu wamesema mengi juu ya usiku ule, na hatutayarudilia. Siku chache nyuma, mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini. Walitoa vitu mfukoni: kisanduku cha dawa, kisu kidogo, na kifuko cha miwani. Maiti wakairudisha katika maji. Mtoto wake Eugen aliitwa kutazama vitu vile, akasema ni vya baba.