James Marsh

James Marsh (2 Septemba 1794 – 21 Juni 1846) alikuwa mwanakemia wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni kipimo cha arseniki kinachoitwa kwa jina lake, yaani kipimo cha Marsh. Kwa kipimo hicho mahakama ziliweza kuonyeshwa sumu yenyewe iliyotolewa katika mwili wa marehemu.

Maisha na kazi

Marsh alifanya kazi katika karakana za silaha za kifalme huko Woolwich, karibu na London. Kuanzia mwaka 1829 alikuwa msaidizi wa Michael Faraday, aliyefundisha kemia katika chuo cha kijeshi cha hapohapo. Alikuwa fundi hodari wa mikono: alitengeneza vifaa vya kuonyesha nguvu za sumaku na umeme, na pia viwashio vya mizinga ya jeshi la majini. Huenda ufundi huo ndio uliomsaidia zaidi kuliko elimu ya vitabuni, kwa sababu kipimo chake hakikuhitaji nadharia mpya hata moja.

Kesi ya Bodle

Katika miaka ile arseniki nyeupe iliuzwa kwa bei ndogo kama dawa ya panya. Ni unga usio na ladha ya kutambulika, unaofanana na sukari au ngano. Mtu aliyelishwa hutapika na kuharisha, dalili ambazo daktari angeweza kudhani ni za kipindupindu, nacho kipindupindu kilikuwa kimeingia Uingereza mwaka 1831. Kwa hiyo muuaji alikuwa na pa kujificha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkulima tajiri wa Plumstead, George Bodle, alikufa baada ya kunywa kahawa. Mjukuu wake John alishtakiwa kwamba alitia sumu. Marsh aliitwa kuchunguza. Alitumia njia ya kawaida ya wakati ule: alipitisha gesi ya hidrojeni salfaidi katika kimiminika, na mashapo ya rangi ya manjano yakatokea, ishara ya arseniki. Lakini mashapo hayo yalikuwa yameharibika kufikia siku ya kesi. Raia walioapishwa kuamua kesi hawakuona kitu cha kuwaridhisha, wakamwachia mshtakiwa. Baadaye John Bodle alikiri kwamba ndiye aliyemuua babu yake. Sheria ya Uingereza wakati ule haikuruhusu mtu aliyeachiwa ashtakiwe tena kwa kosa lilelile.

Kipimo cha Marsh

Marsh alitafuta njia ambayo matokeo yake yangedumu na kuonekana hata na mtu asiyejua kemia. Alianzia kwenye jambo lililogunduliwa na Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi mwaka 1775: arseniki ikiwekwa pamoja na zinki na asidi, hutoa gesi iitwayo arsini.

Katika mrija wa kioo uliopindwa mfano wa herufi U, Marsh aliweka kipande cha zinki, asidi ya salfuriki na kiasi kidogo cha kitu kinachochunguzwa. Zinki na asidi hutoa hidrojeni. Kama mna arseniki, nayo huungana na hidrojeni na kutoka kama arsini. Gesi huwashwa kwenye tundu jembamba la mrija, kisha kipande baridi cha kioo au cha kauri hushikwa ndani ya mwali. Arseniki huganda hapo ikiwa doa jeusi linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa hilo halipotei upesi. Linaweza kupelekwa mahakamani na kupitishwa mkono kwa mkono. Kiasi cha miligramu 0.02 kilitosha kuonekana.

Marsh alichapisha njia hiyo mwaka 1836 na kutunukiwa medali ya dhahabu. Hata hivyo kipimo kilikuwa na mitego. Antimoni, iliyotumika katika dawa za kutapisha, huacha doa linalofanana. Hutofautishwa kwa sababu doa la arseniki huyeyuka katika sodiamu hipokloriti na la antimoni haliyeyuki. Zinki na asidi za madukani zilikuwa mara nyingi na arseniki ndani yake, hivyo ilibidi kwanza kifaa kijaribiwe bila sampuli. Tena arsini yenyewe ni sumu kali: ilimuua mwanakemia Mjerumani Adolph Gehlen mwaka 1815.

Kesi ya Lafarge

Kipimo kilipata sifa Ufaransa mwaka 1840, Marie Lafarge aliposhtakiwa mjini Tulle kwa kumuua mumewe. Wakemia wa mkoani walipingana: mara arseniki imeonekana, mara haikuonekana. Ndipo akaitwa Mathieu Orfila kutoka Paris. Alirudia kipimo kwa uangalifu, akaipata arseniki katika mwili, na mshtakiwa akahukumiwa kifungo cha maisha. François-Vincent Raspail, mtaalamu aliyeitwa na upande wa utetezi, alichelewa kufika, na ubishi juu ya hukumu hiyo uliendelea kwa miaka mingi. Somo la kesi hii lilikuwa wazi: kifaa ni kilekile, lakini majibu yalibadilika kwa kadiri ya mkono ulioshika mrija.

Kifo na baada yake

Marsh hakutajirika kwa uvumbuzi wake. Mshahara wake ulibaki mdogo, na alipofariki mwaka 1846 aliacha familia yake katika hali ngumu.

Katika karne ya 20 doa la kauri liliachia nafasi mashine. Bado katika maabara nyingi arseniki hugeuzwa kwanza kuwa arsini, ila badala ya zinki hutumiwa sodiamu borohidridi. Gesi hupelekwa katika mrija wa kwatzi uliopashwa moto, na mashine hupima mwanga wa nanomita 193.7 unaofyonzwa na atomi za arseniki. Mashine nyingine huchoma sampuli katika plazma ya gesi ya arigoni na kuzitenga atomi kwa uzito. Arseniki huonekana kwenye namba 75. Kwa kuwa damu ina chumvi, klorini yake huweza kuungana na arigoni na kutoa namba hiyohiyo ya 75, hivyo mkemia hulazimika kuitenganisha kabla ya kuandika ripoti.