Korotkov: Daktari wa miaka 31 aliyeifunza dunia kusikiliza presha

UKIINGIA zahanati yoyote nchini, iwe Githurai, Likoni au kule kambi ya Hagadera katika Kaunti ya Garissa, jambo la kwanza utakalofanyiwa ni kufungwa mkanda mkononi. Unajazwa hewa, unabana, kisha hewa inaachiliwa polepole. Kama mashine ya betri haipo au imegoma, nesi anaweka stethoskopu upande wa ndani wa kiwiko chako, ananyamaza kabisa na kukazia macho ile saa ya presha. Je, umewahi kujiuliza anasikiliza nini hapo? Kwani moyo si uko kifuani?

Anasikiliza mshipa wa damu, yaani ateri. Na aliyegundua kwamba ateri ikibanwa hutoa sauti zenye maana kubwa ni daktari wa upasuaji kutoka Urusi, Nikolai Korotkov. Alipotangaza ugunduzi wake alikuwa na miaka 31 tu, pengine rika la kaka yako mkubwa. Hebu tumfuate jamaa huyu kutoka mwanzo.

Korotkov alizaliwa 1874 mjini Kursk, katika familia ya wafanyabiashara. Mwaka wa 1893 alianza kusomea udaktari Kharkiv, miaka miwili baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Moscow, na 1898 akahitimu kwa alama za juu. Angeweza kutulia hapo Moscow na kujijengea jina. Lakini mwaka wa 1900, vita vilipozuka China wakati wa uasi wa Boxer, alienda huko na Msalaba Mwekundu kutibu majeruhi.

Safari ya kurudi aliifanya kwa meli, kupitia Japani, Singapore, Ceylon ambayo leo ni Sri Lanka, na Mfereji wa Suez. Ukifungua ramani utaona kitu cha kukuvutia: meli itokayo Ceylon kuelekea Suez hupita Ghuba ya Aden. Kwa hivyo kijana huyu alipita karibu na pwani ya Wasomali, nchi ambayo miaka tisini na zaidi baadaye vita vingewafukuza watu hadi Hagadera.

Mwaka wa 1903 aliitwa St. Petersburg kufanya kazi katika Chuo cha Udaktari wa Kijeshi. Hata hakukaa sana. Vita kati ya Urusi na Japani vilizuka 1904, naye akapelekwa Harbin, Manchuria, kama daktari mkuu wa upasuaji katika kikosi cha Msalaba Mwekundu. Hapo ndipo akakutana na swali lililomkosesha usingizi.

Swali lenyewe ni hili. Askari amepigwa risasi pajani. Jeraha la nje limefunga, ngozi imepona, ungedhani mambo shwari. Kumbe ndani ateri ilitobolewa, damu inajikusanya na kutengeneza uvimbe unaodunda. Uvimbe huo ukipasuka, askari anakufa kwa dakika chache. Daktari anaweza kuufunga mshipa kwa uzi ili kumwokoa. Lakini akiufunga, je, damu itapata njia nyingine kupitia mishipa midogo ya kando? Isipopata, mguu unaoza na lazima ukatwe. Ukikosea upande huu unapoteza mtu. Ukikosea upande ule unapoteza mguu wake. Na wakati huo hakukuwa na mashine ya kumulika mishipa.

Korotkov alichokuwa nacho ni masikio na stethoskopu, kifaa kilichobuniwa Ufaransa na René Laennec mwaka wa 1816. Akaanza kusikiliza mishipa ya majeruhi, mmoja baada ya mwingine.

Ili uelewe alichokuwa akitafuta, fikiria mpira wa maji unaonyweshea bustani. Maji yakipita bila kizuizi, huyasikii. Ubane kidogo kwa kidole, maji yanaanza kuvuma na kutetemesha mpira. Damu nayo ni vivyo hivyo. Ateri iliyo wazi na nyororo huwa kimya. Iliyobanwa, iliyopungua upenyo kwa mafuta, au iliyovimba, huvuruga mwendo wa damu na kutoa mvumo.

Wakati huo tayari kulikuwa na mkanda wa kupima presha, uliobuniwa na daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka wa 1896. Daktari aliujaza hewa hadi mpigo wa kifundo cha mkono upotee, kisha akaipunguza na kungoja mpigo urudi chini ya kidole. Njia hiyo ilimpa namba moja tu, ile ya juu. Namba ya chini ilikuwa fumbo.

Korotkov alipouweka mkanda ule na kusikiliza ateri chini yake, aliona mambo yanafuata mpangilio uleule kila mara. Mkanda ukibana kabisa, kimya. Hewa ikipungua kidogo, sauti ya kugonga inaanza: hapo damu imeanza kupenya kwa nguvu ya moyo, na hiyo ndiyo namba ya juu. Hewa ikizidi kupungua, sauti zinabadilika, zinavuma, kisha zinafifia. Zikipotea kabisa, mshipa umefunguka na damu inapita bila kizuizi. Hiyo ndiyo namba ya chini.

Tarehe 8 Novemba 1905, katika jiji lililokuwa likitikiswa na migomo, alisimama mbele ya madaktari wa chuo chake na kueleza hayo. Ripoti yake iliyochapishwa haikujaza hata ukurasa mmoja. Usidhani alipigiwa makofi na wote. Kuna waliodai kwamba sauti hizo zinatoka moyoni na kusafiri hadi mkononi. Hakugombana nao. Alirudi maabarani, akafanya majaribio kwa wanyama, na mwezi uliofuata akarudi na ushahidi kwamba sauti zinazaliwa palepale kwenye mshipa. Profesa mmoja mwenye jina, Mikhail Yanovsky, alimuunga mkono, na wanafunzi wake wakaipima njia hiyo kwa wagonjwa wengi.

Ungetarajia baada ya hapo awe tajiri na maarufu. Wapi! Alienda kufanya kazi Siberia, kwenye migodi ya dhahabu ya Lena, akiwatibu wachimba migodi. Mwaka wa 1910 alipata shahada yake ya udaktari wa juu kwa utafiti kuhusu lile swali la Harbin, la mishipa ya kando. Alikuwa Lena mwaka wa 1912, wanajeshi walipowafyatulia risasi wachimba migodi waliogoma na mamia wakauawa au kujeruhiwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitibu askari walemavu, na baada ya mapinduzi ya 1917 akafanya kazi katika hospitali ya Petrograd. Alifariki 1920, akiwa na miaka 46. Jina lake likabaki kwenye vitabu vya udaktari kote duniani: zile sauti zinaitwa sauti za Korotkov.

Sasa, hayo yanakuhusu vipi wewe? Chukua Hagadera. Kambi hii ilifunguliwa 1992, ikiwa sehemu ya kambi za Dadaab pamoja na Ifo na Dagahaley. Mji wa Garissa uko umbali wa takriban kilomita 100. Mahali kama hapo, mashine kubwa za kupiga picha mishipa haziko nyuma ya kila mlango. Lakini stethoskopu haihitaji stima wala intaneti. Daktari au nesi mwenye sikio zuri anaweza kuiweka shingoni, tumboni au kwenye kinena na kusikia mvumo unaoashiria mshipa unaokwenda ubongoni, kwenye figo au mguuni umepungua upenyo. Akiusikia, anajua huyu asirudishwe nyumbani hivi hivi. Apewe rufaa akachunguzwe zaidi.

Lakini njia hii ina mipaka yake. Mshipa ulioziba karibu wote unaweza kunyamaza kabisa, na wakati mwingine mvumo husikika kwa mtu asiye na shida kubwa. Sikio hutoa tahadhari; uchunguzi wa mashine ndio unaothibitisha.

Na usijidanganye eti presha ni ya wazee. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo, kwa sababu haiumi. Inaweza kukula polepole hadi siku ya kiharusi, moyo kufeli au figo kugoma. Ukipimwa siku tofauti na namba ziwe 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari.

Siku ya kupimwa, zuia miraa, kahawa na sigara kwa angalau nusu saa. Keti utulie dakika tano, egemeza mgongo, miguu yote chini, mkono wazi ukiwa usawa wa moyo. Weka simu kando na usipige gumzo, kwa sababu kuongea hupandisha namba. Kisha uliza umepata ngapi, ya juu na ya chini, uandike. Hiyo ya chini ndiyo iliyokuwa fumbo kabla ya kijana wa Kursk kutega sikio.