NENO MOJA LILILOVUKA ZIWA

Kijana, usiitupe karatasi hii. Umeipokea hapa Nyashimo, labda stendi, labda mwaloni, labda kwenye kijiwe cha bodaboda. Isome mpaka mwisho. Haitakuchukua muda kuliko kikombe cha chai.

Hivi tangu umeamka leo umesema maneno mangapi? Mengine uliwasalimia nayo wazazi. Mengine yalikuwa utani. Na mengine, sema kweli, yalikuwa matusi, au uongo kwa binti wa watu, au kiapo ambacho hata wewe mwenyewe unajua hutakitimiza. Ukiulizwa, unajibu: ah, si maneno tu! Maneno makali hayavunji mfupa.

Neno la Mungu halikubaliani na wewe. Linatufundisha kwamba ulimi unaweza kumpa mtu uhai na unaweza kumzika, na kwamba mwenye ulimi ndiye atakayevuna alichopanda nao (Mithali 18:21). Leo tunakusimulia habari za kijana mmoja wa ng'ambo ya ziwa hili hili unaloliona hapa Nyashimo. Alikufa zamani, kabla babu zetu wengi hawajaoa. Hakuacha nyumba ya ghorofa wala gari. Aliacha neno moja, na neno hilo halijanyamaza.

KIJANA WA BUGANDA

Jina lake aliitwa Blasio Kigozi. Alizaliwa Uganda karibu na mwaka 1909, katika familia ya watu wenye heshima. Kaka yake, Simeoni Nsibambi, alikuwa na kazi nzuri ya serikali huko Kampala. Lakini Nsibambi alikuwa na njaa ambayo mshahara hauwezi kuishibisha. Mwezi wa tisa mwaka 1929 alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, kwenye kilima cha Namirembe. Daktari huyo alikuwa amechoka. Alitoka Gahini, Rwanda, mahali palipopigwa na njaa kali, na moyo wake ulikuwa umekauka. Watu hawa wawili, mweusi na mweupe, wakakaa na Biblia wakitafuta habari za Roho Mtakatifu na kuomba pamoja. Hapo ndipo moto ulipoanza.

Mwaka huo huo Blasio akaamua kwenda Gahini kuwa mwalimu. Fikiri, kijana! Kuacha Kampala, mji wenye marafiki, kwenda nchi ya watu wengine, lugha nyingine, kwenye hospitali ndogo na shule ya kijijini. Vijana wenzake wangeweza kumwona amepotea. Yeye alijua anakokwenda.

NENO LA KWANZA LILIKUWA MSAMAHA

Usidhani Gahini palikuwa mbinguni. Watumishi wa hospitali walinung'unika. Waganda na Wanyarwanda walitazamana kwa jicho baya, na Waafrika na Wazungu vivyo hivyo. Watu waliimba nyimbo na kusali, lakini mioyo ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkubwa wa wafanyakazi wa hospitali, alifunga safari mpaka Kampala na kumweleza Nsibambi shida zote za kule. Nsibambi hakumpa pole. Alimwonyesha kwamba shida ya kwanza ilikuwa ndani ya Yosiya mwenyewe. Maneno yale yalimchoma, na katika safari ya kurudi akajitoa kwa Yesu. Alirudi mtu mpya.

Mwisho wa mwaka 1933 watu wakakusanyika Gahini kwa mafundisho ya Biblia. Ilionekana kama mkutano umepita bure. Kisha siku ya mwisho, wakiwa katika maombi, mtu mmoja akasimama akaanza kutaja dhambi zake waziwazi. Akafuata mwingine. Na mwingine. Saa mbili na zaidi watu walikuwa wanasimama kukiri. Hakuna aliyelazimishwa. Kumbe kinywa kikifunguka kusema kweli mbele za Mungu, mlango wa gereza unafunguka nacho.

Blasio aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1934, akawa mkuu wa shule ya wainjilisti. Cheo alikuwa nacho, elimu alikuwa nayo. Lakini mwaka 1935 aliona kwamba maneno yake hayana nguvu. Anafundisha, watu wanaitikia, halafu wanarudi kwenye mambo yao yale yale. Basi akajifungia juma zima, yeye na Mungu wake na Biblia. Alipotoka, hakukimbilia jukwaani. Alikwenda kwa wenzake akaomba msamaha.

Hapo ndipo siri ilipo, kijana. Watu wengi wanadhani nguvu ya neno ni sauti kubwa, au kipaza sauti, au kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo itoke. Hapana. Neno la Blasio lilipata nguvu siku alipokubali kusema jambo gumu kuliko yote kwa mwanadamu: nimekosa, nisamehe. Mdomo uliokwisha kujinyenyekeza ndio Mungu anaoupa moto.

ZUKUKA!

Mwezi wa tisa mwaka 1935 ndugu wa Gahini wakaalikwa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Blasio alikuwemo, na kaka yake Nsibambi, na Yosiya. Walihubiri dhambi kwa jina lake, bila kuipaka sukari, na walihubiri damu ya Yesu. Baada ya pale uamsho ukaenea vijijini. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Maadui walipatana. Walevi waliacha pombe bila kupelekwa polisi.

Kisha ikaja nafasi kubwa. Mwezi wa kwanza mwaka 1936 sinodi ya Kanisa la Uganda ilikuwa inakutana Kampala. Blasio alikuwa na mambo matatu ya kuwaambia wakubwa wa Kanisa. La kwanza, kwa nini Kanisa limepoa na kufa ganzi. La pili, kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanaendelea kuikaribia meza ya Bwana. La tatu, nini kifanyike ili uamsho uje. Na yote matatu aliyafunga katika neno moja la Kiganda: Zukuka. Maana yake ni amka, zinduka wewe uliyelala. Ni mwito ule ule ambao Paulo aliwapelekea Waefeso (Waefeso 5:14).

Lakini Blasio hakuwahi kusimama kwenye sinodi ile. Alishikwa na homa ya papasi, na tarehe 25 mwezi wa kwanza mwaka 1936 akafariki. Hakuwa ametimiza hata miaka 30. Je, shetani alishinda? Je, neno lilizikwa naye?

Sikiliza. Mambo yake matatu yalifikishwa mbele ya sinodi. Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa jubilii ya mwaka 1937, miaka 60 tangu Injili ifike Uganda, na wito ulioenea ulikuwa neno lile lile la marehemu: Zukuka! Neno ambalo pengine lingesemwa mara moja katika ukumbi mmoja, sasa lilisemwa na mamia ya vinywa. Maandiko yanatuambia kwamba Habili alikufa lakini bado anasema (Waebrania 11:4). Kwa Blasio tumeyaona hayo kwa macho.

LIKAVUKA ZIWA

Neno likatembea. Likaingia Tanganyika kwa njia ya Bukoba, mpaka chuo cha walimu cha Katoke, mwaka 1939. Mwaka 1942 likawaka Shirati, kwa ndugu wa Kimenoni. Shirati si mbali. Shika barabara hii hii inayopita Nyashimo kwenda Musoma, endelea kaskazini, utafika. Kule wamishonari Wamarekani na Waafrika waliokuwa wanatazamana kwa mbali waliombana msamaha na kukumbatiana kama watoto wa baba mmoja. Ndugu wa uamsho walikuwa wakikutana njiani wanamsifu Bwana katika salamu. Mpaka leo unaposikia mtu anakuamkia kwa Bwana asifiwe, jua kwamba salamu hiyo imebebwa na watu walioamshwa.

NENO LA MAUTI NALO LILIVUKA

Sasa tukuambie na upande wa pili, maana hatutaki kukudanganya. Rwanda ile ile iliyowaka uamsho, mwaka 1994 ilisikia maneno mengine. Redio moja ilikuwa inawaita binadamu mende, siku baada ya siku. Watu wakazoea. Wakacheka. Halafu wakashika mapanga. Kwa muda wa siku kama mia moja waliuawa watu mamia ya maelfu, na baadhi ya wauaji walikuwa wamebatizwa. Mto Kagera ukabeba maiti mpaka ndani ya Ziwa Victoria, na watu wa pembezoni mwa ziwa wakaogopa hata kula samaki.

Unaona? Ziwa ni moja. Mwaka 1936 neno la uzima lilianza safari kulivuka. Mwaka 1994 matunda ya neno la mauti yakaelea juu yake. Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mzima (Yakobo 3:5). Uamsho wa baba hauwezi kumwokoa mtoto asiyetaka kuamka mwenyewe. Na yule unayemwita mbwa leo kijiweni, kesho mkono wako hautaona vigumu kumpiga.

SIYO MANENO YA KIGANGA

Wengine wakisikia habari ya nguvu ya maneno wanafikiri ni kama yale ya mganga: tamka hivi, zunguka vile, utapata utajiri. Kijana, wokovu siyo uganga. Ndugu zake Blasio walijua kuomba, na bado Bwana alimchukua akiwa kijana. Maneno yetu hayamfungi Mungu kamba. Nguvu iko kwa Yesu anayeaminiwa, na kinywa ni mlango tu wa kutolea kilichomo moyoni. Ndiyo maana mtu anaweza kutaja jina la Yesu mara mia asubuhi, na jioni akabaki mlevi na mzinzi yule yule. Jina alilitaja, mwenye jina hakumkubali.

NA WEWE JE?

Labda wewe uliambiwa neno baya. Baba alisema hutafaa kitu. Mwalimu alikuita mjinga mbele ya darasa. Msichana uliyempenda alikucheka. Neno hilo umelibeba miaka, na usiku linakusemesha. Yesu analo neno lingine juu yako, naye hasemi uongo. Alikupenda akafa kwa ajili yako.

Au labda ni wewe uliyesema. Ulimtukana mama. Ulimkana mtoto wako. Ulisingizia rafiki wizi. Neno halirudi mdomoni, ni kweli. Lakini damu ya Yesu inasafisha hata hilo.

Biblia inatufundisha kwamba mtu huamini kwa moyo na kukiri kwa kinywa, naye huokoka (Warumi 10:9-10). Umeona kinywa kilivyo na kazi? Basi kitumie leo. Sema kwa sauti, hata kama uko peke yako:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeumiza watu kwa ulimi wangu na kwa matendo yangu. Naamini ulikufa msalabani kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Unioshe. Kuanzia leo wewe ni Bwana wangu. Nisaidie kuacha njia ya zamani. Amina.

Kama umesema hayo kwa moyo, kuna jambo moja limebaki, na usiliahirishe. Leo hii, kabla jua halijazama ziwani, nenda kwa yule uliyemkosea. Piga magoti kama ni mzazi. Mwombe msamaha kwa mdomo wako. Blasio Kigozi alianzia hapo, na ndipo neno lake likapata miguu ya kutembea.

Kijana wa Nyashimo, umelala muda mrefu. Zukuka! Amka!