Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza (Ukerewe, 1896 - 20 Aprili 1981) alikuwa mwandishi kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa riwaya yake ndefu iitwayo *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe.

Maisha

Alizaliwa katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Alitoka katika ukoo wa Wasilanga uliotawala kisiwa hicho, naye alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda. Baba yake alifariki Kitereza akiwa bado mtoto, akalelewa katika nyumba ya mtawala.

Alisoma shule ya misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya karibu na Bukoba, alikojifunza Kilatini na Kijerumani. Hakuendelea hadi upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao wote walifariki kabla ya wazazi.

Alifanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara Mwitalia. Vita Kuu ya Pili ilipovunja biashara hiyo alirudi Ukerewe, akafanya kazi misheni.

Uandishi

Huko alikusanya na kuandika historia ya ukoo wake, hadithi na mila za Wakerewe, akihofia kwamba vijana wangezisahau. Padre Almas Simard kutoka Kanada alimtia moyo. Kitereza aliona kuwa mila hizo zingesomwa kwa hamu zaidi zikiwa ndani ya kisa cha familia moja. Ndipo akatunga riwaya, aliyoimaliza mwaka 1945 akikaribia umri wa miaka 50.

Kisa kinahusu mume na mke waliokaa miaka mingi bila mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na mume anakwenda kumkomboa. Baada ya kutibiwa na mganga wanapata mwana, kisha binti, na kisa kinaendelea na maisha ya watoto hao.

Simard alichukua muswada ili autafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kumaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Wamarekani Gerald na Charlotte Hartwig walimhimiza Kitereza autafsiri kwa Kiswahili, naye akaifanya kazi hiyo mwenyewe uzeeni. Tanzania Publishing House ilitoa kitabu hicho, kikichapwa nchini China. Kitereza alifariki kabla nakala hazijamfikia.

Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, ilitolewa mwaka 2002. Riwaya hiyo imetafsiriwa pia kwa Kijerumani na Kifaransa.