Joy Adamson: Kabla ya simba, maua

JINA la Joy Adamson hutajwa pamoja na simba jike Elsa. Hata hivyo, sifa yake ya kwanza nchini Kenya ilitokana na rangi za maua.

Alizaliwa 1910 mjini Troppau, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, alimhimiza kuchora. Ua likikaushwa kwa ajili ya utafiti hupoteza rangi, mchoro huihifadhi. Michoro yake ilipamba kitabu cha mwongozo wa bustani za Afrika Mashariki, na mwaka 1947 akatunukiwa Uingereza Nishani ya Dhahabu ya Grenfell.

Aliuawa Shaba, Januari 3, 1980. Kazi yake yadhihirisha kuwa mimea yetu ina rangi za kutosha. Mkazi wa Mumias, aliyezungukwa na kijani cha miwa, hana haja ya kutafuta mbali: kifabakazi ni mti wa asili magharibi mwa Kenya, na wekundu wa maua yake hung'aa zaidi mbele ya kijani.